Uso wa mama ulikuwa ndani ya faili lile lile: nilivyotenganisha video za kamera ya gari, na nilichopoteza njiani

Kuna dakika 39 za mama yangu akiwa ndani ya gari langu ambazo nilizifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na wakati nazifuta nilikuwa najiona naokoa nafasi kwenye laptopu. Sauti yake ipo, barabara ipo, yeye hayupo. Ndiyo maana naandika, kwa sababu najua kuna madereva wengi hapa Arusha na Moshi wamefunga hizi kamera za gari zenye macho mawili na hawajui faili linalotoka humo lina nini ndani.

Nianze mwanzo. Mimi nafanya kazi ya udereva, naishi Sakina, nina Noah yangu. Novemba 2022 nilinunua kamera ya gari pale mjini, 185,000, ina jicho moja linaangalia barabara na jingine linaangalia ndani ya gari. Nilinunua kwa ajili ya usalama tu, mambo ya bodaboda na ajali, maana ukigongwa bila ushahidi unaangaika peke yako. Fundi akanifungia, kioo chake kidogo kikawa kinaonyesha barabara na pembeni kidirisha kidogo cha ndani. Nikaridhika nikasahau.

Mama alikuwa kwangu tangu Septemba kwa ajili ya kliniki. Krismasi ilipofika akasema hawezi kulala sikukuu nje ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na nyie mnajua Desemba barabara ya Moshi inavyokuwa, wachaga wote wanapanda nyumbani. Tarehe 23 saa mbili asubuhi tukatoka, yeye kakaa mbele pembeni yangu na kitenge chake begani. Kuanzia Sakina hadi nyumbani, Marangu kwa juu, alikuwa anaongea. Foleni ya Tengeru anaongea, Usa River anaongea, tukipita Kwa Sadala ananieleza walivyokuwa wanatembea kwa miguu na ndizi kichwani kwenda sokoni. Tulipoacha lami kupanda kijijini akaanza kunionyesha vitu, mfongo (mfereji wa maji wa mashambani) uliopita wapi zamani, kihamba cha nani kiliishia wapi, masale yapi, ile mimea ya mipakani, yalipandwa na baba. Mimi nilikuwa nashika usukani, njia ina utelezi, nikawa naitikia tu ndiyo mama, ndiyo mama, bila kugeuka.

Mama alifariki Machi 2023.

Baada ya matanga, ndugu tukiwa bado nyumbani, ukazuka ubishi kuhusu mpaka wa kihamba na upande wa baba mdogo. Siyo ugomvi, ubishi tu wa kawaida, lakini kaka mkubwa alikuwa na lake na mimi nina langu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mama alinionyesha siku ile na kamera ilikuwa inawaka. Na bahati nyingine, mkesha wa Krismasi mdogo wangu alikopi folda ya safari kutoka kwenye memori kadi kwenda kwenye laptopu yangu, kwa sababu watoto walitaka kuona mlima ulivyotokea asubuhi ile. Hizi kamera zinakata video vipande vipande, yangu inakata kila dakika 3, kwa hiyo kulikuwa na mafaili 60, kila moja kama MB 340, jumla GB 20 na ushee.

Tukafungua. Barabara inaonekana safi kabisa, sauti ya mama inasikika juu ya muungurumo wa gari. Mama haonekani popote. Tukatafuta folda ya kamera ya ndani, hakuna. Nikasema basi, jicho la ndani ni la kuangalia tu pale kwenye kioo, halirekodi, au fundi hakuunganisha waya vizuri. Hata nilimpigia fundi nikamlaumu, kijana wa watu akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, baadaye nilimrudia nikamwomba radhi.

Hapa sasa ndipo nilipoharibu. Laptopu ilikuwa imejaa, ni ya zamani, na mimi nikawaza hizi video ni barabara tu na sauti, kwa nini zinakula GB 20? Nikashusha programu ya kukonveti ya bure, nikawa naweka mafaili, inatoa dogo la MB 40, nasikiliza kidogo kuhakikisha sauti ya mama ipo, nafuta lile kubwa. Nilifanya hivyo usiku mbili. Mafaili 34 ya mwanzo yote nikayapunguza na originali nikazifuta, na kwenye kapu la taka pia nikafuta. Yale madogo nikayatuma kwenye grupu la familia, shangazi akalia kwa sauti tu aliyoisikia.

Halafu nikapeleka kazi kwenye duka moja la mambo ya video mjini, nikawaambia nataka sauti isafishwe muungurumo utoke. Wakachukua 60,000. Nikawauliza na hii kamera ya ndani vipi, haiwezi kuwa imejificha mahali? Jamaa akafungua faili akaangalia akasema hamna kitu braza, hapa kuna video moja. Nikaamini, maana ndiye anayejua.

Aliyenifungua macho ni kijana wa jirani, chalii mmoja anasoma chuo, alikuja kunisalimia na kunipa pole kwa kuchelewa. Nikamwonyesha moja ya yale mafaili 26 ambayo nilikuwa sijayafikia kuyapunguza. Akaangalia ukubwa wa faili kwanza kabla hajalicheza. Akaniuliza hii ni dakika ngapi? Nikamwambia tatu. Akasema kwa picha hii ya barabara MB 340 ni nyingi, kuna kitu kingine humu ndani. Akaifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, akaenda kwenye menyu ya juu palipoandikwa Video, akashuka mpaka Video Track, na pale kulikuwa na mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Akabonyeza wa pili, ikaja picha ndogo ya barabara imeganda. Akabonyeza wa tatu.

Mama yule pale. Amekaa kwenye siti, kitenge begani, anacheka, mkono wake umenyooka unanionyesha kitu dirishani. Kijana alinyanyuka akatoka nje akaniacha, nampenda sana kwa lile.

Nilipotulia nikamwita arudi anielezee, na jinsi alivyonielezea ndivyo nawaeleza na nyie. Faili la mp4, au mkv, siyo video yenyewe, ni chombo, kama debe lenye vitu. Ndani yake zinakaa treki: treki ya picha, treki ya sauti, wakati mwingine maandishi, wakati mwingine data za GPS. Na hakuna sheria inayosema treki ya picha iwe moja tu. Kamera nyingine zenye macho mawili zinaandika mafaili mawili tofauti, hiyo ni rahisi, utayaona. Nyingine kama yangu zinaweka picha zote mbili kwenye debe moja. Sasa programu nyingi za kuangalia video zinacheza treki ya picha ya kwanza, hazikuambii kwamba kuna nyingine. Na programu za kukonveti nyingi zinachukua treki moja ya picha na moja ya sauti, nyingine zinaachwa nje bila onyo lolote. Ndiyo maana yale mafaili yangu ya MB 40 yalikuwa hayana mama hata ukiyafungua kwa VLC. Hakujificha humo, hayumo kabisa.

Nilipoelewa hilo mwili ulikufa ganzi. Mafaili 34, saa nzima na dakika 42 za mama.

Tukaanza kuhesabu kilichobaki. Mafaili 26 kwenye laptopu salama, kuanzia kama Weruweru hadi Marangu Mtoni. Dada yangu wa Moshi alikuwa amechukua mafaili 18 ya mwanzo kwenye flashi siku ileile ya mkesha, nikampigia usiku saa nne nikamwambia dada usiiguse hiyo flashi, usiifungue, usiitume, usiweke kitu, nakuja. Asubuhi nilikuwa kwake Kiboriloni. Yote 18 yalikuwa mazima. Kwa hiyo yaliyopotea yakawa 16, ile sehemu ya katikati, Kikatiti, KIA pale uwanja wa ndege, Boma Ng'ombe.

Na kitu kingine ambacho sikukitegemea. Hizi kamera zina kifaa cha kuhisi mshtuko, gari likipigwa kishindo kamera inadhani ni ajali, inakifunga kile kipande na kukiweka kwenye folda ya peke yake ambayo haifutwi. Vile vya kawaida vinazunguka, kadi ikijaa kile cha zamani kinaandikwa juu yake. Kadi yangu ni ya GB 64, kwa ukubwa ule inajaa kwa saa tisa na nusu hivi za kuendesha, kwa hiyo safari ya Desemba ilikuwa imeshafutwa kwenye kadi siku nyingi. Lakini kile kipande cha njia mbovu ya kupanda nyumbani, mashimo na mawe, kamera ilihisi vishindo ikafunga vipande 7. Mdogo wangu hakuvikopi kwa sababu vilikuwa folda nyingine. Vilikuwa vimekaa kwenye kadi miezi yote na mimi nazunguka navyo na wateja. Na ni sehemu ileile ya mama anaonyesha mipaka.

Kwa hiyo kama una kamera ya aina hii, leo hii fungua kadi uangalie folda zote, siyo ile moja.

Kwa yale 16 nilijaribu PhotoRec, ni programu ya bure ya kurudisha vilivyofutwa. Inafanya kazi kweli, lakini ina masharti. Mara nyingi kitu kikifutwa bado kipo kwenye diski mpaka kiandikwe kingine juu yake, na mimi baada ya kufuta niliendelea kushusha vitu, kukonveti, kuangalia mpira. Kumbe nilitakiwa nizime mashine palepale. Na unachorudisha unakihifadhi kwenye diski nyingine, siyo hiyohiyo. Nikanunua diski ya nje 150,000, ikafanya kazi usiku kucha, ikaleta mafaili mengi hayana majina, mengi hayafunguki. Katika yote, matatu yalikuwa ya safari ile na yakafunguka vizuri. Yakabaki 13. Ndiyo zile dakika 39.

Sasa tuje kwenye kutenganisha, maana kuangalia kwenye VLC kwa kubadilisha treki ni sawa ukiwa peke yako, lakini shangazi na wajomba huwezi kuwaambia nenda kwenye menyu. Kijana akanifundisha FFmpeg. Ni programu ya bure, ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na programu nyingi za video tunazotumia zinaitumia ndani kwa ndani. Haina vitufe, unaandika komandi kwenye dirisha jeusi. Nilipoliona lile dirisha nilitaka kumlipa kijana afanye yeye, akakataa hela, akasema braza jifunze, ni mistari mitatu tu. Alikuwa sahihi.

Mstari wa kwanza ni wa kuangalia tu kilichomo, hauharibu kitu:

ffprobe -hide_banner faili.mp4

Inakuletea orodha. Yangu ilikuja hivi kwa ufupi: 0:0 ni h264 ya 1920x1080, hiyo ndiyo barabara. 0:1 ni aac, sauti. 0:2 ni mjpeg, ile picha ndogo iliyoganda, kamera inaitumia kwa ajili ya kuonyesha kijipicha kwenye kioo chake. 0:3 ni h264 ya 1280x720, ndani ya gari. Kama hutaki dirisha jeusi, kwenye VLC ukibonyeza Ctrl na J utaona orodha hiyohiyo. Ila jizoeshe kuiangalia, kila faili, kabla ya kufanya chochote.

Jaribio langu la kwanza nililifanya usiku peke yangu bila kumsubiri kijana, nikaandika ffmpeg -i faili.mp4 ndani.mp4, nikiamini kwa kuwa nimeiita ndani italeta ya ndani. Ilichukua muda mrefu, feni ya laptopu inalia, mwisho wake ikaleta barabara. Nikarudi kwenye huzuni ileile. Kumbe usipoiambia ichague nini, FFmpeg inachagua yenyewe treki moja ya picha, ile yenye picha kubwa kuliko zote, na barabara ndiyo kubwa. Kosa lilelile la programu ya kukonveti, tofauti ni kwamba safari hii originali nilikuwa nimeshaikopi mara mbili.

Neno la kuchagua ni -map. Nikakumbuka kwenye VLC mama alikuwa wa tatu, nikaandika 0:v:3, ikagoma, ikasema hakuna treki inayolingana. Sababu ni kwamba hesabu inaanzia sifuri: picha ya kwanza ni 0:v:0, ya pili 0:v:1, ya tatu 0:v:2. Na usichanganye 0:v:2 na 0:2. Ile yenye v inahesabu treki za picha peke yake, isiyo na v inahesabu treki zote kwenye debe pamoja na sauti. Kwangu mama ni 0:v:2, au ukitaka 0:3, ni kitu kilekile. Kwako inaweza kuwa 0:v:1 kama kamera yako haina ile picha ndogo. Ndiyo maana nasema angalia orodha kwanza.

Komandi iliyonipa mama ni hii:

ffmpeg -i faili.mp4 -map 0:v:2 -map 0:a:0 -c copy ndani.mp4

Na ya barabara:

ffmpeg -i faili.mp4 -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy mbele.mp4

Lile neno -c copy ndilo la thamani kuliko yote. Linamaanisha hamisha kama ilivyo, usipike upya. Picha haipungui ubora hata kidogo, na kazi inaisha kwa sekunde chache tu, siyo ile ya feni kulia nusu saa. Unaona sauti nimeichukua kwenye zote mbili, kwa sababu kamera ina maiki moja na nilitaka kila video iongee. Ukitaka bila sauti unaondoa -map 0:a:0. Na kuna njia ya kujihakikishia kwamba hujaacha kitu: jumlisha ukubwa wa ulivyotoa, mbele na ndani, inatakiwa ikaribie ukubwa wa faili la originali. Yangu mbele ilikuwa kama 225, ndani kama 112. Ukiona umetoa 225 tu kwenye 340, simama, kuna kitu kimebaki.

Kwa mafaili mengi huwezi kuandika moja moja. Kwenye Windows unatengeneza folda inaitwa ndani, unafungua lile dirisha kwenye folda yenye video, unaandika:

for %f in (*.mp4) do ffmpeg -i "%f" -map 0:v:2 -map 0:a:0 -c copy "ndani\%f"

Mafaili yote yakaisha kabla chai haijapoa. Majina yanabaki yaleyale yenye tarehe na saa, na hilo ni muhimu, usiyabadilishe, ndiyo yanayokuonyesha kipi kilianza. Baada ya hapo niliviunganisha vipande kwa orodha, unaandika kwenye notepad majina kwa mpangilio, kila mstari unaanza na neno file na jina kwenye alama za nukuu moja, unahifadhi orodha.txt, halafu:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy safari.mp4

Unganisha baada ya kutenganisha. Nilijaribu kinyume chake, kuunganisha kwanza yale yenye treki zote, ikachagua tena treki moja ya picha ikaacha nyingine. Ukitaka lazima kuanza na kuunganisha basi uiambie -map 0, yaani beba zote.

Lakini shida yetu ya mpaka haikuisha hapo. Kwenye video ya ndani mama ananyoosha mkono anasema "unaona pale, yale masale aliyapanda baba yenu, chini ya mfongo siyo kwetu." Pale wapi? Anaonyesha dirishani lakini huoni anachoonyesha. Kwenye video ya mbele unaona migomba na masale pande zote mbili lakini huoni mkono. Tulihitaji zote mbili kwa wakati mmoja, pembeni kwa pembeni. Hapa faida ya kuwa kwenye faili moja ikaonekana, maana zimerekodiwa kwa saa moja, huna haja ya kuzilinganisha. Komandi ikawa ndefu:

ffmpeg -i faili.mp4 -filter_complex "[0:v:0]scale=1280:720[a];[0:v:2]hflip[b];[a][b]hstack=inputs=2[v]" -map "[v]" -map 0:a:0 -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy pamoja.mkv

Barabara inapunguzwa ilingane urefu na ya ndani, bila hivyo inagoma. Lile neno hflip niliongeza baada ya kaka kunipigia kelele. Kamera ya ndani inatutazama sisi usoni, kwa hiyo mkono wa kushoto wa mama unatokea upande wa kulia wa picha. Kwenye video ya kwanza tuliyotengeneza, mama alionekana anaonyesha kulia, kaka akasema si mnaona, niliwaambia ni kulia. Mimi nikabaki kimya kwa sababu hata mimi niliona hivyo. Ni dada aliyesema mbona mama alikaa kushoto mwa gari na dirisha lake ni la kushoto, atanyooshaje mkono kulia bila kumpita dereva usoni? Tukageuza picha, mkono ukaenda na barabara. Ubaya wake maandishi ya kwenye nguo na stika zote yanasomeka kinyume, kwa hiyo hii ya kugeuza ni ya kuangalia mipaka tu, ile ya kumbukumbu nimeiacha kama ilivyo.

Na angalieni mwisho wa jina nimeandika mkv. Mara ya kwanza niliweka mp4. Hii kazi ya kuweka pembeni kwa pembeni inapika picha upya, -c copy haiwezekani kwenye picha, kwa laptopu yangu klipu zote ndefu zilikuwa zinachukua usiku mzima. Saa tisa usiku umeme ukakatika, betri yangu ilishakufa zamani, asubuhi faili lipo, kubwa kabisa, halifunguki. Mp4 ya kawaida inaandika fahirisi yake, yaani orodha ya nini kipo wapi ndani ya faili, mwishoni kabisa, ikikatwa kabla ya hapo hakuna kinachosomeka. Mkv ikikatwa unapata ile sehemu iliyokwisha. Nikarudia usiku wa pili kwa mkv.

Tarehe ya ibada ya kumbukumbu tulikutana nyumbani, tukaweka runinga sebuleni, baba mdogo naye akaja. Tukaangalia vile vipande 7 vya njia mbovu. Gari linaruka mama anashika dashibodi anacheka, halafu ananyoosha mkono, masale yanaonekana upande wa kushoto, mfongo unapita chini yake. Baba mdogo alisema rudisha. Tukarudisha mara tatu. Kesho yake walienda na kaka mpaka pale wakasimama. Kaka ndiye aliyekosea, na mimi pia nilikosea kwa upande mwingine, mpaka wenyewe upo katikati ya tulivyokuwa tunasema.

Kwa anayetaka kutuma: kwenye simu ukituma kama video ya kawaida, simu inaibana na treki ya pili inapotea, wale ndugu uliowatumia hawatakuwa na kitu. Tuma kama dokumenti, au peleka flashi. Na ukipeleka dukani, wape nakala, originali ibaki nyumbani, hata awe fundi unayemwamini. Gharama zangu zote, ile 60,000 ya sauti, diski ya nje 150,000, kadi mpya 35,000 kwa sababu ile ya zamani nimeitoa kwenye gari haitatumika tena, na bando na mafuta ya kwenda Moshi sikuhesabu. Komandi zenyewe ni bure.

Sasa hivi originali zipo sehemu tatu, kwangu, kwa dada Kiboriloni na kwa kaka, na tumekubaliana hakuna anayeziweka kwenye programu yoyote bila kukopi kwanza. Vile vipande 13 vya kutoka Kikatiti kuelekea Boma Ng'ombe vina barabara na sauti tu. Nimeviacha kwenye folda moja na vingine, kwa mpangilio wa saa, kwa hiyo ukiangalia safari nzima mama anaonekana, halafu kwa dakika kadhaa unamsikia tu huku mlima ukitokea mbele mkono wa kushoto, halafu kwenye daraja la Kikafu anarudi.